Filtri Yenye Baba Yako Alituma kutoka Kibombo

Amisi, mujukuu wangu,

Wanasema barua inaanza na kuuliza habari. Habari yako ninaijua: sasa hivi umepita hapa na shati ya kijani, ndizi mbili mukononi, unaenda kuaga rafiki zako kule Mikelenge, na mulango wa ua wa parseli umeuacha wazi, mbuzi ya jirani imeingia. Habari yangu na weye unaijua. Tuache habari.

Mwenye anaandika ni Mama Ngalula, jirani yetu, muke wa muntu wa reli. Miye ninasema, yeye anaandika. Kalamu sikuishika hata siku moja. Baba yangu alisema mutoto mwanamuke akijua kuandika ataandikia wanaume. Wanaume walikuja bila barua. Nimemuambia Mama Ngalula aandike vile ninasema, asitie sukari. Ameapa. Lakini ni muntu wa Kasai na ni muntu wa kanisa, anapenda maneno laini, kwa hiyo kila ukurasa ukijaa ninamuambia anisomee tena tangu juu. Amenuna. Anune.

Sitasema mambo ya kula, ya kufua nguo, ya kusali, ya wanawake. Hayo nimekuimbia miaka na miaka, kama hayakuingia kwa sikio hayataingia kwa karatasi. Ninataka kusema juu ya filtri.

Asubuhi uliniwekea filtri mbili juu ya meza, ile ya karatasi yenye ulinunua sokoni, na ile ya kufua yenye baba yako alituma na treni. Ukaniuliza, "Koko, niweke gani kwenye lori? Kamio ni yako." Nikasema ngoja kwanza. Ukacheka: "Koko, kesho ninaondoka, nitangoja mpaka lini?" Mpaka barua hii iishe. Jibu iko ndani. Usiruke kurasa kwenda kuitafuta, ninakujua.

Moteri inapumua kama weye na miye. Kutoka hapa mpaka Kibombo, wakati huu wa kiangazi, muntu anatoka nyumbani na nguo nyeupe anafika na nguo nyekundu. Ile vumbi ikiingia kwenye moteri inasaga chuma. Filtri njo inasimama mulangoni na kuikataza. Ya karatasi inakataza vizuri, lakini ikijaa unaitupa na kutafuta ingine, na kutafuta ingine kule Kibombo ni kutafuta chumvi porini. Ya kufua ikijaa unaifua na maji na sabuni, unaianika kivulini, unaitia mafuta kidogo, inarudi kazini. Hayo ulinieleza weye mwenyewe, macho yakiwaka. Nilikusikiliza nikanyamaza. Ungepaswa kushtuka. Miye ninanyamaza lini?

Ulipotoka, nikaanza na ile ya karatasi. Boksi inangaa, plastiki juu yake haijachanika. Kitu kipya kabisa katika muji wenye hauna kitu kipya. Nikaifungua na kisu ya mihogo. Nikaweka pua: mazuti, dizeli ya kamio. Nikatanua mikunjo ya karatasi moja moja na ukucha, na kule katikati, mahali mukono wa muntu haufiki, nikakuta bawa. Chini ya bawa, kumbikumbi muzima, amekauka.

Nikavaa kikwembe changu cha kutokea, nikaenda sokoni. Yule mwenye alikuuzia alikuwa amekaa kwenye kiti, kidani cha chama kifuani, ndani yake uso wa Mukubwa wa nchi unatutazama wote.

"Sitwayeni," nikamuita, yaani mwananchi, kama chama kinavyotaka tuitane, "hii filtri inatoka wapi?"

"Ulaya, Koko. Imeshuka na ndege."

"Na huyu kumbikumbi, naye alishuka na ndege?"

Wanawake wa samaki wakaanza kucheka. Yeye akasema, "Kumbikumbi iko kila mahali, Koko."

"Hata Ulaya?"

"Hata Ulaya."

"Wanawakaanga na nini kule?"

Sasa soko nzima ilikuwa inacheka. Akasimama, akagusa kidani chake na kidole. "Mama, unatukana mufanyakazi wa chama?"

"Hapana, Sitwayeni. Ninatukana kumbikumbi."

Akanivuta pembeni. Akaniomba nisipaze sauti. Nikafungua boksi tatu zingine mbele yake, zote vumbi nyekundu kwenye mikunjo. Wanaokota filtri zilizokufa nyuma ya magaraji, wanazipuliza na pompi ya baiskeli, wanazivalisha boksi. Akanipa vipande viwili vya sabuni ili nifunge mudomo. Sabuni nilichukua. Mudomo sikufunga, hata Mama Ngalula ni shahidi, njiani kurudi niliambia kila muntu.

Ile ya karatasi nimeitupa shimoni, Amisi. Usiende kuitafuta. Lakini usifikiri nakuelezea hii ili unisifu. Nilirudi kutoka soko na kichwa juu kama muntu amechaguliwa bila mupinzani. Nikasema: jicho langu halijazeeka. Sasa twende kwa ingine.

Ile ya kufua ilikuwa na siku tatu chini ya kitanda changu. Hukujua. Nilipokupa jana, ulifikiri imefika jana ileile. Muzee wa Mama Ngalula, bwana yake wa reli, aliishusha toka treni, imefungwa katika gunia, nikaipokea miye na nikaificha. Siku tatu nilikuwa ninaitoa muchana ukiwa hauko, ninaigeuza. Wavu wa chuma huku, wavu wa chuma kule, kitambaa cha pamba katikati, mupira pembeni. Nikaiinua kwenye jua: jua linapita! Nikasema, kama jua linapita, vumbi itakosa njia? Na tena, kitu chenye unapata mara moja na kinadumu maisha yako yote, bila kuisha, bila kuchoka, maneno ya namna hiyo ninayasikia kwenye mikutano ya chama tu.

Mama Ngalula ameangalia dirishani. Andika, Mama. Ni filtri tunaongea.

Lakini filtri haikuwa shida. Nilikuwa ninajiuliza: Shabani anataka nini? Miaka kumi na miwili. Aliponitumia muchele, niliurudisha na treni ileile. Aliponitumia kitambaa cha Idi, nilimupa mwanamuke mwingine akishone. Sasa anatuma pyesi ya kuingia ndani ya moteri ya kamio yangu, siku chache mbele mujukuu wangu hajapanda kamio hiyo na kwenda kwake. Nikasema: huyu anarudisha ubaya. Ataniulia moteri ya pili, ili nijue mutoto ni wa nani.

Unaona akili ya Koko yako. Sasa nisikilize, juu jambo lenye linafuata sijalisema kwa muntu, hata kwa Mungu nililisema nusu.

Ulikuwa na miaka kumi. Koko yako mwanaume alikuwa amekufa mwaka mumoja mbele ya hapo, akaniacha na kamio. Serikali ilikuwa imewanyanganya Wagiriki na Wareno maduka yao, ikawapa wakubwa wa kwetu, na wakubwa wa kwetu walikula maduka kama muntu anakula mbegu: siku moja shibe, kisha hakuna cha kupanda. Mafuta ya moteri ikapotea Kindu nzima. Ukipata bidoni moja unaifunika na kikwembe, unaibeba kama mutoto muchanga, watu wasione.

Kamio yetu ilikuwa na filtri ya zamani, ya kufua pia, lakini ya namna ingine. Ilikuwa bakuli ya chuma yenye mafuta ndani. Hewa inapita juu ya mafuta, vumbi inanasa mule, hewa safi inaendelea kwenye moteri. Baba yako njo alikuwa shofere. Kila juma alifungua ile bakuli, akaisafisha, akaja kwangu: "Mama, nipe mafuta ya bakuli." Ninamupa mafuta safi kama asali. Juma ifuatayo analeta matope. "Mama, nipe ingine." Ninampa asali, analeta matope.

Nikaanza kumuangalia. Nani aliona mafuta inageuka udongo? Nikasema: anauza mafuta yangu kule Kailo, anachota udongo kando ya barabara, anakoroga, ananiletea. Mutoto wa tumbo langu. Nikanusa nguo zake. Nikauliza abiria kama alisimama njiani, na nani, kwa nini. Nilifungua hata sanduku ya mama yako Mwajuma akiwa mutoni anafua. Sikukuta kitu. Kwangu miye, kukosa kukuta kitu kulionyesha tu kwamba wanajua kuficha.

Weye ni fundi, umekwisha kuelewa. Ile matope njo ilikuwa kazi ya filtri. Kila kijiko cha matope chenye aliniletea ni kijiko chenye hakikuingia kwenye moteri. Mutoto ananiletea kazi yake njema katika bakuli, ananionyesha, na miye ninaona wizi. Na hakuna muntu mwenye angenieleza, juu sikuuliza. Muntu mwenye anashuku haulizi. Anachungulia.

Ijumaa moja Shabani alikuwa musikitini. Kesho yake alikuwa na safari ya Kailo. Nikachukua spana yake, nikafungua bakuli. Mafuta ya moteri nikaificha chini ya kitanda, isiibiwe tena. Mahali pake nikatia mawese. Mawese yangu mwenyewe, nyekundu, safi, ya kupikia sombe. Nikasema, mafuta si ni mafuta? Mawese ataiuza kwa nani, kila nyumba iko nayo.

Ndani ya bakuli kulikuwa musitari. Shabani alikuwa anasema kila mara, "Mpaka kwenye musitari tu, Mama." Nikautazama ule musitari, uko chini, bakuli haifiki hata nusu. Kwetu, tangu mama yangu na mama yake, bakuli ya nusu haiwekwi mbele ya muntu. Unajaza mpaka ukingo, hata kama watoto wa nyumba watalamba sufuria. Muntu akikupa bakuli ya nusu hakupendi, ama anakuibia. Nikajaza mpaka ukingo. Nikafunga vizuri. Nikanawa mikono, nikajisikia mwanamuke mwenye akili.

Kesho yake, kwenye mulima, karibu ya kufika Kailo, moteri ikavuta mawese. Moteri ya mazuti inakula mafuta yoyote yenye inapata, unayajua hayo. Ikaanza kukimbia peke yake. Shabani akatoa muguu kwenye pedali, ikakimbia. Akazima, ufunguo mukononi, ikakimbia. Juu ya mizigo kulikuwa wanawake wa soko na watoto mugongoni. Akapiga kelele waruke. Akafungua kapo, kile kifuniko cha moteri, akavua shati, akaikunja, akaisukuma kwenye mudomo wa moteri ili ikose hewa, akaishikilia pale na mukono. Bomba ya moshi ilikuwa inagusa mukono huo. Hakuutoa. Alishikilia mpaka moteri ikakata pumzi.

Hakuna muntu aliyekufa. Hakuna mutoto aliyevunjika. Moteri ilipasuka ndani. Mukono wa baba yako uliuona mwenyewe.

Wakatuvutia kamio mpaka hapa. Parseli ilijaa watu, wengine walipanda juu ya ukuta. Bidoni za mawese za wale wanawake zilikuwa zimepasuka kwenye mizigo, na harufu ya kukaanga ilikuwa kila mahali, basi watu wote wakasema ni zile bidoni. Miye nilinusa. Ninataka uelewe vizuri, Amisi, na Mama Ngalula asipunguze: nilinusa nikajua. Nilijua palepale, mbele sijafungua mudomo. Kisha nikaufungua.

"Mwizi! Umeuza mafuta yangu, umenipa udongo, sasa umeniulia gari! Tumbo langu lilizaa panya!"

Mwanamuke mumoja akasema, "Mama Feza, mutoto ameungua mukono."

Nikamujibu, "Ule wa kuiba njo umeungua."

Mama Ngalula ameweka kalamu chini. Anasema neno hilo haliandikwi kwa barua ya mutoto. Nimemuambia: weye hukulisema, Mama, nililisema miye, liweke. Amejifuta uso. Ameliweka.

Baba yako alinitazama. Hakusema neno juu ya gari. Alisema tu, "Mama, inatosha," sauti ya chini, kama muntu anafunga mulango mutoto amelala. Mukono ulipopona, akapanda treni na mama yako na dada yako mudogo, wakaenda Kibombo. Weye nilikukatalia. Nilisema uko na masomo. Masomo gani, waalimu walikuwa wanalima mashamba yao. Nilikushika kwa sababu nilikuwa ninaogopa kubaki peke yangu na ile kamio imekufa katika parseli, kuku zinataga mahali Shabani alikuwa anakaa.

Aliomba uende likizo. Nikasema treni si salama. Ulipouliza kwa nini baba aliondoka, nilikuambia aliharibu kamio akakimbia haya. Siku moja nilikusikia nje unawaambia wenzako, "Baba yangu ni shofere mubaya." Ulikuwa na miaka kumi na mitatu hivi. Nilikuwa ninapepeta muchele. Niliendelea kupepeta.

Kisha ukakua, ukaanza kushika ile kamio. Miaka miwili nimekutazama ukifukuza kuku, ukikwangua kutu, ukaleta moteri ya zamani toka kiwanda cha mbao, ukaipasua na kuiunga tena pale pale uani. Siku moteri ilipowaka, watu walipiga vigelegele, miye niliingia nyumbani. Ulifikiri ni furaha. Nilikuwa ninasikiliza kama itakimbia peke yake.

Sasa turudi leo. Katika gunia la Shabani kulikuwa kitu kingine. Chupa ndogo ya mafuta, mafuta nyepesi, na shingoni... hapana, katikati ya chupa, uzi mwekundu umefungwa mara mbili. Na muzee wa Mama Ngalula aliniletea maneno na mudomo wake: "Shabani anasema filtri ni safi, aliitoa kwenye gari ya mapadri wenye walirudi kwao. Ya kuitia ni mafuta hii tu. Mama asitie ingine. Amimine polepole, mafuta ikishuka mpaka kwenye uzi, aache. Asiongeze."

Nikamuuliza, "Alisema Mama, ama alisema Amisi?"

"Alisema Mama."

Siku tatu nilikasirika juu ya neno hilo. Ananifundisha kumimina! Miye mwenye nilimimina maziwa kinywani mwake! Leo nikarudi toka soko na kumbikumbi wangu na ushindi wangu, nikatoa ile chupa chini ya kitanda, nikautazama ule uzi. *Mama asitie ingine.* Nikakaa chini kwenye sakafu, na unajua magoti yangu, kukaa chini si jambo la kuchezea.

Anajua. Shabani anajua.

Na nikakumbuka kitu chenye nilikuwa nimekiweka mbali sana. Siku ile kamio ilipofika imevutwa, usiku mbele watu hawajatawanyika niliogopa fundi atafungua bakuli akute mawese. Nikaenda nikaifungua mbio mbio. Ilikuwa tupu. Ilikuwa imepanguswa kavu, inangaa. Nilimushukuru Mungu. Nilisema moto umeikausha. Miaka kumi na miwili nimesema moto umeikausha.

Moto haupangusi, Amisi. Kule mulimani, mukono umeungua, mbele ya kutafuta hata maji ya kuumwagia, baba yako alifungua bakuli, akaona nyekundu mpaka ukingo, akajua nyumba gani inajaza hivyo. Akaimwaga porini, akaipangusa, na shati yenye ilikuwa imebaki, sijui, ama na mukono muzima. Ili muntu asione. Kisha akaja kusimama hapa katika parseli nikamuita panya, naye angeweza kusema neno moja tu akanimaliza mbele ya Kindu nzima. Na alisema inatosha.

Mama Ngalula anasema tupumzike kidogo. Hatupumziki. Jua linashuka na weye utarudi kutafuta chakula.

Jibu njo hii. Weka ile ya kufua. Si kwa sababu baba yako ni muntu muzuri. Moteri haijui muntu muzuri. Weka kwa sababu barabara yako ni ya vumbi, pyesi za karatasi zinauzwa na kumbikumbi ndani, na hii utaweza kuifua mwenyewe mahali popote penye maji na kivuli. Lakini uifue weye. Usimupe muntu akufulie, na ukiifua usiipige na jiwe kama nguo za watu wa Alunguli. Ya karatasi ikichoka inaziba, gari inakosa nguvu, unajua. Hii ikifuliwa vibaya haikuambii kitu. Inapitisha vumbi na gari inatembea vizuri, na weye unaimba kwenye usukani, mpaka siku moja.

Mafuta nimeitia miye. Ndiyo, miye. Mama Ngalula alikuwa ananisimamia kama polisi. Nilimimina polepole juu ya pamba, mukunjo kwa mukunjo, mafuta ilipofika kwenye uzi nikaacha. Mukono ulitaka kuongeza. Niliona bado kuna sehemu kavu, rohoni nikasikia mama yangu ananiambia jaza, jaza, muntu asiseme tuko wachoyo. Nikafunga chupa. Baada ya muda pamba ilijivutia yenyewe, ikawa sawa kila mahali.

Na kesho, mbele hujawasha, uifungue uiangalie. Usiniamini. Nitakuwa nimesimama hapo mulangoni, na nitakutazama ukikagua kazi yangu, na sitafungua mudomo. Ukikuta inachuruzika, ipanguse. Siwezi kukuambia uache kushuku, katika nchi hii muntu wa kuamini kila kitu analala njaa. Lakini ukishuku, uliza. Uliza muntu mwenyewe, usoni, na weye umekaa chini umpe nafasi ya kujibu. Hayo tu. Miye sikuyafanya, na unaona yaliyonipata: mutoto wangu iko karibu hapo, treni moja, na sijui hata watoto wake wengine wanaitwaje.

Sasa kazi yenye ninakuomba. Barua hii usimupe Shabani mukononi. Ninamujua. Ataikunja, ataiweka mufukoni, atasema "Nimesikia, nimesamehe," na ataificha vile alificha bakuli. Sitaki anifiche tena. Niliandikisha kwa sababu maneno ya mudomo yanapindika njiani, na juu miye mwenyewe nikifika pale ningeanza kusema habari za muchele. Uisome weye, kwa sauti, kwenye garaji yake kule Kibombo, siku ya soko, wakati wateja wako wengi na watu wenye wanatoka Tunda wameshusha mizigo yao. Nilimutukana mbele ya watu. Tusi la mbele ya watu halirudishwi chumbani.

Atakukatisha. Atasema mambo ya mama hayasomwi barabarani. Umujibu kwamba mama mwenyewe njo ametuma. Akiondoka, mufuate ukiendelea kusoma. Uko na sauti kubwa, uliipata kwangu, itumie kwa kitu cha maana mara moja.

Kama ni ndefu na watu wanachoka, ruka soko, ruka kumbikumbi, wataomba uyarudilie baadaye wenyewe. Lakini maneno yenye yanafuata usiyaruke, na kama lori inapita, ungoje ipite, kisha useme tena tangu mwanzo:

Shabani hakuuza mafuta. Hakuharibu gari. Miye Feza binti Asani, mama yake, njo nilijaza mawese katika filtri, na siku ile nilipomuita mwizi, nilijua.